Meza ya Dokta Nukta Tano

Wanafunzi walimwita Nukta Tano. Jina hilo alilijua, na kusema kweli alilipenda. Alilipata mwaka ule alipomwangusha kijana mmoja aliyekuwa na alama thelathini na tisa nukta tano, na kufaulu ni arobaini. Kijana alilia, mkuu wa idara alisihi, na mke wake nyumbani alimuuliza hiyo nusu alama anaiwekea akiba ya nini. Hakutikisika. Nusu ni nusu, alisema, akaenda zake kulala usingizi mnono.

Alikuwa mhadhiri wa takwimu, mtu mwembamba wa miaka hamsini na sita, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, mfukoni kalamu mbili: moja nyekundu, na ya pili nyekundu pia, ya akiba. Katika miaka ishirini na mbili ya kazi hakuna aliyewahi kumkamata na kosa la kujumlisha. Habari hiyo aliwapa wenzake wakati wa chai, bila kuulizwa, na wenzake walikoroga sukari wakitazama vikombe vyao.

Sasa, ili ueleweke ubaya alioufanya, ni lazima kwanza ieleweke namna yake ya kusahihisha. Wahadhiri wengine huchukua mtihani wa mtu mmoja wakaumaliza, ndipo wakachukua wa mwingine. Nukta Tano aliuona huo ni uzembe, kwa sababu mtu akianza vizuri unampendelea mpaka mwisho bila kujijua. Yeye alisahihisha swali kwa swali: swali la kwanza la watu wote mia moja na kumi na wanane, kisha la pili la wote, mpaka la tano. Tatizo ni vijitabu vya ziada. Mwanafunzi akijaza kijitabu cha kwanza hupewa cha pili, na msimamizi huvifunga pamoja kwa uzi kwenye tundu la pembeni. Nyuzi hizo zilimchelewesha, kwa hiyo alizikata. Kanuni za mitihani zilikataza jambo hilo kwa maandishi meusi ya kukoza. Katibu muhtasi wa idara, mama mmoja asiyeogopa shahada ya mtu, alimkumbusha kila mwaka, na kila mwaka alijibiwa kwamba kanuni zimewekwa kwa ajili ya watu wasio na utaratibu.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Vijitabu vya pili alivilaza kifudifudi upande wa kushoto wa meza, migongo mitupu ikitazama juu. Akimaliza kazi yote alivirudisha kwa wenyewe na kuvifunga upya kwa uzi wake mwenyewe. Msimu huo, pembeni ya lundo hilo kulikuwa na lundo jingine, la vijitabu vitupu vilivyobaki ukumbini. Na meza ilikuwa ikicheza. Ilikuwa imesogezwa wakati wa kupaka rangi chumba, na tangu hapo mguu wa mbele wa kulia ulikuwa haugusi sakafu sawasawa. Kila akiandika alama, kalamu inaruka. Siku ya tatu alipandwa na hasira, akanyoosha mkono kushoto bila kutazama, akachukua kijitabu, akakikunja mara nne, akakisukumiza chini ya mguu. Meza ikatulia. Akaendelea na kazi yake akipiga mluzi.

Matokeo yalibandikwa ubaoni Jumatatu asubuhi. Kabla ya saa nne mlango wake uligongwa, akaingia mwanafunzi ambaye wenzake walimwita Mzee wa Darasa.

Huyu hakuwa kijana. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwalimu wa shule ya msingi aliyepewa na mwajiri wake ruhusa ya miaka mitatu kusoma. Alikaa mstari wa mbele kila kipindi, akapiga mistari myekundu ya pembeni kwenye daftari kwa rula, na wenzake walimtania kwamba siku moja atamwomba mhadhiri ruhusa ya kwenda chooni. Ruhusa yake ya masomo ilikuwa inaisha mwezi wa saba. Akifaulu somo hili, anarudi na shahada yake, na kule alikotoka kiti cha mwalimu mkuu kilikuwa kinamsubiri. Akianguka, analirudia mwakani, na mwajiri alikwishamwandikia kwamba mwakani hakuna. Nukta Tano aliyajua yote hayo. Yalikuwa kwenye faili, na Nukta Tano husoma mafaili.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Nimeona thelathini na moja nukta tano pale ubaoni. Nadhani swali la nne na la tano hayajahesabiwa."

"Hayajahesabiwa kwa sababu hukuyajibu."

"Niliyajibu, Dokta. Yapo kwenye kijitabu cha pili."

Nukta Tano alimwita katibu muhtasi alete mtihani wa huyu bwana. Ukaletwa. Kilikuwa kijitabu kimoja, mwandiko safi, mistari myekundu ya pembeni imepigwa kwa rula. Akakigeuza ili mwenyewe aone jalada. "Hapa pana kisanduku cha kuandika idadi ya vijitabu ulivyotumia. Wewe umeandika nini?"

Mzee wa Darasa alitazama. Kisanduku kilikuwa kitupu. "Nilisahau," alisema. "Kengele iligongwa, nikasahau. Lakini msimamizi alikifunga mwenyewe, kwa uzi, nikimwona."

Hapo Nukta Tano aliutazama ule upande wenye tundu, na ndani ya tundu akaona kipande cha uzi mweupe, kifupi kama kope.

Aliuona, na palepale alijua maana yake. Mtu haoni uzi uliokatwa kwenye kijitabu kisichowahi kufungwa na kitu. Halafu kidole gumba chake kikateleza polepole mpaka kwenye tundu, kikausugua ule uzi, ukadondoka sakafuni. Hakukusudia, alijiambia baadaye. Kidole ndicho kilichofanya. Lakini kidole kilikuwa chake.

"Mimi sioni uzi wowote," alisema. "Bwana, wewe ni mtu mzima. Kuanguka mtihani si aibu. Aibu ni kuzua kijitabu ambacho hakipo."

Hapo ndipo Mzee wa Darasa alipolipuka. Alipiga meza kwa viganja vyote viwili, na meza, kwa jinsi ilivyowekewa kitu, haikucheza hata kidogo.

"Nazua? Mimi nazua?" Sauti ilitoka mpaka koridoni. "Mimi ni mwalimu! Miaka kumi na minne nasahihisha madaftari, watoto themanini darasa moja, sijapoteza hata ukurasa wa mtoto! Wewe watu mia wamekushinda? Nusu alama ya mtu unaiona, kijitabu kizima hukioni?"

Koridoni kuna mtu alicheka. Baadaye walicheka wawili, watatu, kile kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono. Hicho ndicho kilichomchoma Nukta Tano kuliko makofi ya mezani. Alinyanyua simu, akamwita mlinzi. Mzee wa Darasa alitolewa nje ameshikwa mkono kama mwizi wa kuku, mbele ya vijana aliowazidi umri, na kabla ya saa sita barua ilikuwa imekwenda kwenye kamati ya nidhamu: matusi, vitisho, kupiga mali ya chuo. Adhabu yake ni kusimamishwa mwaka mzima.

"Dokta," alisema katibu muhtasi akigonga mhuri, "huyu mzee huwa hata kiti hasogezi bila kuomba. Una hakika?"

"Wewe piga mhuri, mama."

Alhamisi alikuwa anaandika maelezo yake ya kupeleka kwenye kamati, na alikuwa amefika kwenye neno "uadilifu" wakati kifuniko cha kalamu kilipomponyoka na kubingirika chini ya meza. Alipiga magoti kukitafuta. Akiwa huko chini, uso karibu na sakafu, aliona ukingo wa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wa meza, na kwenye ukingo huo mstari mwekundu ulionyooka uliopigwa kwa rula.

Hakuhitaji kukifungua. Alikaa palepale sakafuni, mtu mzima, mhadhiri mwandamizi, magoti yamejaa vumbi, na uso wote ukawaka moto ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Kisha alikivuta, meza ikainama upande mmoja, akakikunjua. Namba ya usajili ilikuwa ileile. Swali la nne lilikuwa safi. Katikati ya swali la tano mguu wa meza ulikuwa umegandamiza duara jeusi, lakini hesabu zilisomeka chini yake, hatua kwa hatua, kama mtu anayemwelekeza mtoto. Mkono wake, kwa mazoea, ukachukua kalamu nyekundu. Kumi na nane. Kumi na tano na nusu. Jumla ya mtihani mzima, sitini na tano kamili.

Mwanamume mwenye moyo angenyanyuka saa hiyohiyo akashuka ngazi kwenda ofisi ya mitihani. Nukta Tano alinyanyuka, akafungua droo, akakitia kijitabu ndani, akaifunga kwa ufunguo. Kwanza afikirie, alijiambia. Alichokuwa anafikiria kilikuwa jina lake. Aliwaza watakavyosema wakati wa chai. Aliwaza kicheko kile cha koridoni kikikua mpaka kuwa cha chuo kizima. Alijaribu kutunga namna kijitabu kingeweza kuonekana mahali pengine, kwenye kabati la ofisi ya mitihani labda, kwa kosa la karani fulani, na alipogundua kwamba ameanza kumchagua na karani mwenyewe, alijichukia. Lakini droo hakuifungua.

Ijumaa mchana mlango uligongwa. Alikuwa Mzee wa Darasa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na bahasha mkononi.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba."

"Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuomba radhi." Alibaki amesimama, hakuna aliyemwambia akae. "Mama wa hapo nje amenishauri, na mke wangu naye amenisema sana. Kijitabu ni jambo moja, adabu ni jambo jingine. Wewe ni mwalimu wangu, na mimi nilikupigia kelele mbele ya watoto. Mwanafunzi wangu angenifanyia vile, ningeumia. Nimeandika barua. Nitaisoma mbele ya kamati pia, ila nimeona uwe nayo wewe kwanza."

Aliiweka barua mezani, na meza ikainama kwake kwa mlio.

"Inacheza hii," alisema Mzee wa Darasa, akicheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta pa kupitia. "Za kwetu shuleni zote ndivyo zilivyo. Subiri, Dokta, dakika moja."

"Acha tu. Acha, bwana."

Lakini mwenzake alikuwa ameshachana ukurasa kwenye daftari lake, ameshaukunja, na ameshapiga magoti. Nukta Tano alikiona kisogo chake, mvi mbili tatu zilizoanza kuota, na mgongo wa lile shati la pasi. Droo ilikuwa usawa wa kichwa cha yule mtu. Ufunguo ulikuwa mfukoni, na aliuhisi pajani umekuwa mzito. Sasa, alijiambia. Sema sasa. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni kikohozi.

"Haya." Mzee wa Darasa alinyanyuka akijipangusa magoti, akaibonyeza meza kwa kiganja. Ilitulia kabisa. "Sasa utaandika vizuri."

Na Nukta Tano, Mungu amsamehe, alichukua kalamu akaandika juu ya ile barua kwa wino mwekundu: *Imepokelewa. Amesamehewa.* Akatia sahihi na tarehe. Mwenzake alisoma maneno hayo yakiwa bado na unyevu, akashukuru, akashukuru tena mlangoni.

Jioni mkewe alimwekea chakula, akamtazama anavyokizungusha kwenye sahani. "Kuna nini leo?"

"Mwanafunzi amekuja kuniomba msamaha."

"Sasa hiyo si habari njema? Mbona umekaa kama umefiwa?"

Alisema ana gesi tumboni. Siku mbili zilizofuata hakuweza hata kumtazama mke wake machoni, na mkewe, aliyemzoea kwa ubishi wake wote, aliuona ukimya huo akaanza kuogopa kwamba mumewe ana ugonjwa anaouficha. Alimwuliza kama amekwenda kupimwa. Nukta Tano alitamani kweli iwe ni ugonjwa.

Kamati ilikaa Jumatatu saa tatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa kitivo cha sheria, ambaye kwa jinsi asivyopandisha sauti watu walinyamaza ili wamsikie. Wajumbe walikuwa wawili, na katibu muhtasi wa idara alikuwepo kuandika. Mzee wa Darasa alisimama na nakala ya barua yake, akaisoma yote. Alisoma kama anavyosoma mwalimu wa msingi, akisimama kwenye kila nukta. Alisema ametenda utovu wa nidhamu. Alisema anaona aibu. Nukta Tano alisikiliza mpaka mwisho. Angeweza kumkatiza tangu sentensi ya kwanza, lakini alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kila sentensi ilimpa dakika moja zaidi ya kubaki mtu anayeheshimiwa.

"Dokta," alisema mwenyekiti, "una la kuongeza kabla hatujaamua?"

Alisimama. Alifungua mkoba, akatoa kijitabu, akakiweka mezani. Mikunjo minne, duara jeusi katikati, alama nyekundu pembeni.

"Kijitabu cha pili kimepatikana," alisema. "Kilikuwa ofisini kwangu. Nilikata uzi wakati wa kusahihisha, kikachanganyika na vitupu, nikakiweka chini ya mguu wa meza bila kujua. Kosa ni langu mimi. Nimeshakisahihisha. Huyu bwana amefaulu, ana sitini na tano."

Hapo alipaswa kukaa chini. Lakini aibu ina tamaa yake. Ukiipa nusu inakuomba upunguze hiyo nusu pia. "Nimekipata leo asubuhi," aliongeza.

Mzee wa Darasa alikuwa ameziba uso kwa viganja. Alipovitoa, macho yalikuwa yamelowa. "Alhamdulillahi," alisema. "Asante, Dokta. Wengine wangekitupa tu, nani angejua? Asante sana." Alisogea, akakichukua kijitabu chake, akakilaza juu ya meza na kuanza kukinyoosha kwa kiganja, mkunjo baada ya mkunjo, taratibu, kama anavyonyoosha daftari la mtoto lililokaliwa. Alifika kwenye lile duara. Mkono ukasimama.

"Mguu upi huu, Dokta?"

"Wa mbele. Wa kulia."

"Leo asubuhi?"

Nukta Tano aliufunga mkoba wake.

"Mimi nilipiga magoti pale Ijumaa," alisema Mzee wa Darasa. Hakupandisha sauti. Alikuwa kama mtu anayefuata hesabu ubaoni, hatua kwa hatua, akitumaini amekosea mahali. "Mguu wa mbele wa kulia. Hapakuwa na kitu chini yake. Niliweka karatasi yangu."

Kalamu ya katibu muhtasi iliacha kuandika. Mwenyekiti alivua miwani. "Dokta?"

Laiti angefoka, yule mtu. Laiti angepiga meza tena kwa viganja viwili, Nukta Tano angepata cha kushika. Lakini alisimama tu, akimtazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata chembe.

"Kilikuwa kwenye droo," alisema Nukta Tano. "Tangu Alhamisi." Na kwa kuwa sasa hapakuwa na kilichobaki cha kulinda, alisema na lile ambalo hakuna mtu aliyemuuliza na ambalo hakuna mtu angelijua kamwe: "Na ule uzi. Siku ile ya kwanza. Uzi ulikuwepo kwenye tundu. Niliuona, nikauondoa kwa kidole."

Katibu muhtasi aliinamisha kichwa. Mjumbe mmoja alitazama dirishani. Mwenyekiti alisema shauri dhidi ya mwanafunzi limefutwa, na kwamba lipo shauri jingine, ambalo Dokta ataandikiwa. Kisha akamuuliza mwanafunzi kama ana jambo.

"Naomba barua yangu," alisema Mzee wa Darasa. "Ile aliyonayo yeye."

Ilikuwa ndani ya mkoba. Nukta Tano aliitoa. Mwenzake aliipokea, akayasoma yale maneno mekundu ya juu, akayasoma tena.

"Niazime kalamu, Dokta."

Nukta Tano alichomoa kalamu nyekundu mfukoni, akampa. Mzee wa Darasa aliilaza barua mezani, na kando ya neno *Amesamehewa* akaweka alama ya kosa, mistari miwili myembamba iliyokatana, ndogo na safi, kama aliyowawekea watoto kwa miaka kumi na minne. Kisha akaifunika kalamu, akairudisha kwa mikono miwili, na kutoka.